"Nipimieni homoni zote": kwa nini kipimo hicho hakipo

Ombi hili hufika sana kwenye dirisha la maabara yetu hapa Moshi. Jibu ni kwamba hakuna sindano moja inayopima homoni zote. Kila tezi humwaga homoni zake kwenye damu kwa saa zake, na damu iliyotolewa alasiri haijibu swali la asubuhi. Tuambie kinachokusumbua, tujue tuanzie wapi.

Mara nyingi tunaanzia shingoni. Ukisema "tezi", wanaume wengi hushtuka wakifikiria tezi dume. Tunayoisema ni thairoidi, yenye umbo la kipepeo, iliyokaa mbele ya shingo chini ya kikoromeo. Hutengeneza homoni za T4 na T3, zinazopanga mwendo wa mwili: mapigo ya moyo, joto, choo, uzito. Msimamizi wake ni pituitari, tezi ya ukubwa wa punje ya njegere chini ya ubongo, inayotuma TSH, homoni ya kuiamrisha thairoidi ifanye kazi.

Hapo ndipo majibu huwachanganya watu. TSH ikiwa juu, kwa kawaida thairoidi imelegea, na pituitari inapaza sauti kwa sababu haisikilizwi. TSH ikiwa chini, mara nyingi thairoidi inafanya kazi kupita kiasi. Kwa mtu mzima asiye mjamzito kiwango huwa karibu 0.4 hadi 4.0 mIU/L, ila soma kile kilichochapwa kwenye karatasi yako, maana mashine hutofautiana.

Thairoidi iliyolegea huleta uchovu, choo kigumu, ngozi kavu na kuhisi baridi hata Februari, wenzako mjini wakijipepea. Iliyozidi huleta moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kukonda huku unakula vizuri. Rovu, yaani uvimbe wa thairoidi shingoni, peke yake halisemi lolote kati ya hayo. Mtu anaweza kuwa nalo na TSH yake ikawa sawa. Rovu mara nyingi huletwa na upungufu wa iodini: milimani mvua huiosha kwenye udongo, na mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Nunua chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina iodini, ifunike mbali na mvuke wa jiko, na uitie chakula kinapokaribia kuiva. Ile ya kupimiwa sokoni bila pakiti huenda haina kitu.

Kwa kipimo cha TSH huhitaji kufunga. Njoo kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, na ukirudia, njoo saa zilezile, kwa kuwa TSH hupanda usiku na kushuka mchana. Kama unatumia levothairoksini, dawa ya thairoidi iliyolegea, njoo na kidonge chako, ukimeze baada ya kutolewa damu. Vidonge vya kukuza nywele na kucha viache angalau siku mbili kabla: vitamini ya bayotini iliyomo hudanganya baadhi ya mashine, na mtu mwenye afya kabisa akaonekana ana thairoidi iliyozidi.

Wanaolalamika kwamba dawa haifanyi kazi, mara nyingi kosa liko kwenye chai. Levothairoksini humezwa kwa maji matupu, tumbo tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa. Vidonge vya chuma vya kliniki ya wajawazito na vya kalsiamu vikae mbali nayo kwa saa nne. Dozi ikibadilishwa, pima tena baada ya wiki 6 hadi 8. Kabla ya hapo TSH haijatulia. Na usiruke dozi mwezi mzima kisha ukameza kwa bidii siku tatu za mwisho. T4 itapanda, TSH itabaki juu, na karatasi itakusema kwa daktari.

Homoni nyingine kwa kifupi. FSH, inayokuza mayai ya mwanamke, hupimwa siku ya 2 hadi ya 5 ya hedhi. Projesteroni, inayopanda yai likishatoka, hupimwa siku saba kabla ya hedhi ijayo, kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 35 aje siku ya 28, si ya 21. Testosteroni, homoni ya kiume, ni kabla ya saa 4 asubuhi. Kotisoli, homoni ya msongo, ni saa 2 asubuhi. Prolaktini, homoni ya maziwa, hupandishwa na mshtuko na pilikapilika, basi aliyeshuka na gari la alfajiri kutoka Rombo akae kwanza nusu saa kwenye benchi, ndipo achomwe sindano.