Sikukusindikiza

Portland, Maine
Jumatano, Agosti

Wajina wangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Usicheke. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni, na safari hii maneno hayo yana kazi: sijui kama umeshatua Nairobi au bado umekwama Boston na lile begi lako ulilolifunga kwa kamba ya mtumbwi.

Niko stendi ya mabasi, naelekea Boston. Nina deni lako na sitaki kuvuka nalo bahari. Jumatatu alfajiri gari lilipokuja kukuchukua sikuwa nimelala. Nilisikia ukigonga. Nikasikia, "Wajina, mimi naenda hivi," nikavuta blanketi mpaka kichwani kama mtoto anayekwepa shule. Ulisimama kidogo, ule ubao mbovu wa barazani ukalia, kisha nikasikia magurudumu yakisaga kokoto.

Kwetu Tanga mgeni haagwi mlangoni. Anasindikizwa mpaka barabarani, mnagombania mzigo, na mkifika ndipo mnakumbuka mazungumzo yote ambayo hamkuyamaliza. Basi la kwanza linapita, la pili linapita, bado mmesimama. Mama aliwahi kumsindikiza shangazi mbali hata shangazi naye akaona haya, akageuka kumsindikiza mama nyumbani. Mimi niliyelelewa hivyo ndiye niliyekuacha uende gizani peke yako, wewe mpishi uliyenilisha wiki tisa za kambi ya watoto huku Marekani.

Jumamosi ndiyo iliyonimaliza. Ijumaa usiku, wakati watoto wanaviweka vile vimashua vyao vya mishumaa ziwani, nilijikaza. Asubuhi wazazi walipofika na watoto wakaanza kushikana shingo na kulia, ungedhani ni matanga, nikajikaza tena. Lakini yule mdogo wa kibanda changu, aliyesusa chakula wiki ya kwanza mpaka ukamkaangia maandazi, alining'ang'ania kiunoni na hakusema lolote. Baba yake alisimama na funguo za gari mkononi, hajui aangalie wapi. Baada ya hapo nilijua nikikuona tu na begi, basi. Sababu yenyewe ni hiyo, na najua haitoshi.

Maandazi yale, jamani. Ulivyoizunguka mitaa mizima ya ule mji mdogo ukitafuta iliki, ukarudi na kichupa kimoja kwa bei ya kuku! Afadhali hayo kuliko ugali wako wa usiku wa mataifa. Nilikwambia unga wao wa mahindi ni wa njano na una chenga, ukabisha, ukasema Mkenya hashindwi na ugali. Ukatoka kama mchanga wa pwani. Watoto wakaumwagia ile sharubati yao tamu ya utomvu wa mti na kuomba waongezwe, nawe ukakaa chini ya meza ukicheka machozi yanakutoka.

Na sasa nikuambie la Jumatatu yenyewe, maana hulijui.

Baada ya gari lako kuondoka sikuweza kurudi kulala. Nikashuka gatini, kwa kuwa siku ile tulipaswa kufungua yale majukwaa na kuyavuta nchi kavu kabla ya baridi. Ukungu ulikuwa bado juu ya maji, na yule ndege mwenye macho mekundu alikuwa analia upande wa pili kama mtu aliyefiwa. Nikaenda kwenye ubao wa vibao kuvitungua. Unaijua sheria, nimekuimbia tangu Juni: unapoingia majini unageuza kibao chako upande mwekundu, ukitoka unakirudisha upande mweupe, na gati halifungwi mpaka vyote viwe vyeupe. Vyote vilikuwa vyeupe. Kimoja chekundu. Chako.

Kwa sheria zetu, wajina, ulikuwa umezama tangu Jumapili jioni. Nilipaswa kupiga filimbi na kuwaamsha wote waliobaki, tushikane mikono tupite majini tukikutafuta. Nami mwokoaji wenu, mwenye cheti, nilikuwa nimekaa pale pale nikila tikiti maji, nikasahau kuhesabu.

Lakini hebu kumbuka Jumapili ile. Wewe wa Kericho, uliyefika Juni ukiogopa hata kukaa ukingoni, ukaniambia maji ya kwenu yanatosha kuchemshia chai. Na mimi nilijiona hodari mpaka nilipotumbukia siku ya kwanza. Tangu shule ya msingi nasoma kwamba ziwa ni la maji baridi, nikidhani maana yake ni kwamba hayana chumvi tu. Mifupa ililia! Halafu hayakubebi kama ya bahari, kwa hiyo hata kukufundisha kuelea ilibidi nami nijifunze upya. Wiki baada ya wiki, ukishamaliza sufuria, unakuja na kanga yangu kiunoni unapiga miguu ukishikilia boya. Jumapili ukaliacha boya. Ukafika jukwaa la katikati, ukalipanda, ukapiga kigelegele mpaka mwangwi ukarudi kutoka msituni, na jua bado liko juu saa moja unusu usiku, mambo ya Marekani. Nani angekumbuka kibao?

Nilikaa nacho mkononi muda. Kisha nikakigeuza kikawa cheupe, nikakitungua. Ninacho hapa, ndani ya pasipoti, kimekaa juu ya viza ya J-1, ile iliyonileta kufanya kazi kambini.

Kanga usinirudishie. Mwambie mdogo wako nimefurahi ada yake imepatikana, ingawa ile posho ukiigawanya kwa saa tulizokesha utalia, kwa hiyo usigawanye. Ukifika nyumbani niandikie, hata mistari miwili.

Basi la Boston limeondoka sasa hivi nikiwa kwenye mstari huu. Dereva alinitazama, nikampungia mkono aende. Ndege yangu ni ya usiku. Nitapanda linalofuata.

Wajina wako,
wa Tanga