Nutria asikanyage Moshi

Ndugu Mhariri,

Siku hizi baadhi ya wafugaji wa simbilisi hapa Moshi wanazungumzia kuleta nutria, panya mkubwa wa majini kutoka Amerika Kusini, kwa ajili ya nyama na ngozi. Naomba nafasi nipinge wazo hilo kabla halijaota mizizi.

Nutria mzima hufikia kilo 5 hadi 9 na huchimba mashimo kwenye kingo za maji. Uingereza walimleta mwaka 1929 kwa ajili ya manyoya. Akatoroka mabandani, akaharibu kingo za mifereji, na kummaliza kukachukua hadi 1989, tena kwa wategaji wa kulipwa. Majirani zetu Kenya nao walimfuga. Akatoroka hadi Ziwa Naivasha.

Sasa tazama mifereji yetu ya mpunga Mabogini. Mingi matuta yake ni udongo mtupu. Shimo likichimbwa ubavuni, tuta hupasuka usiku, asubuhi unakuta maji yote yamehamia kwa jirani na majaruba yako yameanza kufanya nyufa. Nani atatulipa?

Hata ndugu wa karibu wa panya buku wetu, yule anayesifika Morogoro kwa kunusa mabomu ya ardhini, alipotoroka kwa mfugaji kule Florida, Marekani, aligeuka kero.

Naomba maofisa mifugo wa wilaya walizuie jambo hili mapema, na wakaguzi wa Holili na Namanga wasipitishe mnyama huyu. Anayetaka kitoweo afuge simbilisi, au ndezi wetu wa asili.

Mkulima wa mpunga,
Mabogini, Moshi