Risala ya Kamati ya Makaburi kwa Mgeni Rasmi, Sikukuu ya Juneteenth

Ndugu Mgeni Rasmi, Mjumbe wa Baraza la Jiji letu. Mchungaji na wazee wa kanisa. Wazazi wetu ambao babu na bibi zao wamelala hapa. Majirani, watoto wa darasa la Kiswahili, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa.

Kamati inakukaribisha kwa heshima kubwa. Tunajua leo umealikwa kwingi, kwenye majukwaa yenye vipaza sauti vizuri kuliko hiki chetu, nawe ukaona uje kwetu. Tunafurahi zaidi kwa kuwa wewe huna haja ya kutafsiriwa risala hii. Wazee wetu wa kanisa wamepewa nakala ya Kiingereza, nao wameipitisha neno kwa neno.

Ndugu Mgeni Rasmi, historia tutaipita haraka kwani unaijua. Tarehe 19 Juni 1865 Jenerali Gordon Granger alitangaza pale Galveston kwamba watumwa wote wa Texas wako huru, zaidi ya miaka miwili baada ya tangazo la Rais Lincoln la kuwaacha huru watumwa. Mwaka 1872 waliokuwa watumwa walichanga fedha zao wakanunua ekari 10 Houston, ili wawe na pao pa kuadhimishia siku hii. Jimbo la Texas liliifanya sikukuu kuanzia mwaka 1980, na serikali kuu mwaka 2021. Sisi familia za Kitanzania, Kikenya, Kikongo na Kirundi tulifika baadaye sana, kanisa hili likatupokea, na Mchungaji akatuonyesha makaburi haya ya Wamarekani Weusi.

Tangu hapo mafanikio ni makubwa. Vichaka vilivyokuwa vimefunika upande wote wa mashariki vimefyekwa. Darasa letu limewafundisha watoto nguzo saba za Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi iliyoanzishwa mwaka 1966 kwa maneno ya lugha yetu, na leo watoto hao watakuamkia shikamoo bila kukumbushwa na mtu. Kamati pia inalo daftari la majina yote yanayosomeka kwenye makaburi. Tunaamini hakuna daftari jingine kama hilo katika kata hii, na ofisi yoyote ya serikali ikilihitaji, tutalitoa bure.

Baada ya hayo, tunaomba utusikilize katika jambo moja tu.

Ndugu Mgeni Rasmi, ukitoka hapa utapita kwenye kaburi lenye bamba la saruji ambalo jina limeandikwa kwa kidole kabla saruji haijakauka. Herufi moja imegeuzwa. Aliyeliandika hakuwa na fedha za fundi wa mawe, lakini hakukubali ndugu yake alale bila jina. Makaburi mengine yana makombe ya baharini, vipande vya sahani na mdomo wa birika. Wageni hudhani ni takataka, na kuna mwaka kijana wa kujitolea alikaribia kuvizoa. Mwenzetu mwenye asili ya Kongo ya magharibi ndiye aliyemzuia, akaeleza kwamba kwao marehemu huwekewa juu ya kaburi vyombo alivyotumia mwisho. Hayo ndiyo makaburi tunayoyaona. Wazee wanasema yapo mengi zaidi yasiyo na alama, mengine nje ya waya huu uliokatika, kwenye kiwanja cha jirani ambacho sasa kimewekewa vijiti vyenye vitambaa vya rangi ya chungwa. Vijiti hivyo ni vya wapimaji wa nyumba mpya.

Hofu yetu haikuanzia hewani. Katika jiji la Dallas, Texas, barabara kuu ilijengwa juu ya sehemu ya makaburi ya watu walioachwa huru, na ilipopanuliwa miaka ya 1990 ilibidi kufukua zaidi ya makaburi 1,100. Katika mji wa Sugar Land, huko huko Texas, mwaka 2018, shule ilipokuwa ikijengwa yalipatikana mabaki ya watu 95 weusi, wafungwa waliokodishwa kufanya kazi za mashamba baada ya utumwa kufutwa. Marehemu Reginald Moore, aliyewahi kuwa askari magereza, alikuwa ameonya kwa miaka mingi kwamba ardhi ile ina watu. Hakusikilizwa mpaka mifupa ilipoonekana. New York nako, mwaka 1991, serikali kuu yenyewe ilichimba msingi wa jengo la ofisi na kukuta makaburi ya Waafrika. Miongoni mwao alikuwamo mwanamke aliyezikwa na shanga zake kiunoni. Akina mama wa kamati hii walipoisikia habari hiyo walinyamaza kwa muda, kwani hakuna aliyehitaji kuelezwa shanga za kiunoni ni nini. Watu 419 walizikwa upya mwaka 2003, na mwaka 2006 pale pakatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Tunashukuru kwa dhati. Lakini heshima hiyo ilikuja baada ya wananchi kuandamana na kusimama mbele ya mashine.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunasema kwa adabu zote kwamba ahadi ni deni, na deni la namna hii ni la zamani. Mwaka 1929 Rais Coolidge alitia saini azimio la kujenga jengo la kitaifa la kumbukumbu ya Wamarekani Weusi, jambo lililokuwa limeombwa na askari wazee weusi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Jengo halikujengwa. Makumbusho yaliyopo Washington leo yalifunguliwa mwaka 2016, na katika wale walioomba kwanza hakuna aliyekuwa hai kukata utepe. Mwishoni mwa mwaka 2022 ilipitishwa sheria ya kuhifadhi makaburi ya Wamarekani Weusi, inayoruhusu hadi dola milioni 3 kwa mwaka kwa nchi nzima. Tuliishangilia sheria hiyo. Hata hivyo, kuruhusu fedha si kutoa fedha, na hapa tulipo haijafika hata senti ya kununulia kibao.

Wewe si mgeni rasmi wa kwanza kusimama chini ya mti huu. Aliyekutangulia alituahidi uzio, akapigwa picha akiwa ameshika koleo, na picha hiyo bado tunayo. Aliyemtangulia alituahidi wapimaji. Tuliandika barua za kukumbushia, tukajibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Hatuwataji, wala hatukuhesabu pamoja nao. Tunakueleza ili ujue kwa nini wazee watakaokupigia makofi leo watayapiga taratibu.

Ombi letu ni hili. Ardhi hii, pamoja na ukanda wa kiwanja cha jirani unaopakana nayo, ipimwe kwa rada ya kuona chini ya udongo kabla ya kibali chochote cha ujenzi kutolewa. Uzio usubiri. Ukijengwa leo utafuata mstari wa waya huu wa zamani, na wale walio nje yake watakuwa wametupwa nje mara ya pili, safari hii kwa fedha za jiji. Makadirio ya gharama kutoka kwa wapimaji wa rada tumeyaambatanisha, pamoja na ramani iliyochorwa na wazee kwa mkono na nakala ya daftari la majina. Tunaomba kazi hiyo iingizwe kwenye bajeti inayokuja ikiwa na kifungu chake, isifichwe chini ya usafi wa bustani. Tunaomba pia tarehe. Hata ikiwa ya mbali tutaipokea, mradi iandikwe na iwe na saini yako.

Mwenyekiti anayo kalamu. Baada ya risala atakutembeza hadi kwenye vile vijiti, kisha chakula kitakuwa tayari ukumbini.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.