Heri ya Pasaka ndugu zangu, na neno kuhusu maji ya ubatizo

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Bwana amefufuka! Najua wengi mmeamkia matope mlangoni maana hii masika haina mchezo na Jangwani najua hapapitiki, ila tumeifikia Pasaka wazima, Mungu ashukuriwe.

Mwaka huu sikukuu imenikuta na jambo moyoni. Jana alfajiri nilikuwa Kunduchi ufukweni na kanga mbili kavu mkononi, mtoto wa dada anabatizwa mara ya pili. Mara ya kwanza alikuwa mchanga, kwetu KKKT, yaani Walutheri, mimi ndo nilimbeba na mimi ndo mama yake wa ubatizo. Kanisa analosali siku hizi wamemwambia ule haukuwa ubatizo, kwanza ni maji ya kichwani tu, halafu ulisemwa kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, wao wanabatiza kwa jina la Yesu tu kama Petro alivyoagiza kwenye Matendo 2:38. Basi mchungaji kamshika, kaanza kutamka, wimbi likawapiga wote wawili wakayumba, akasimama vizuri akayarudia maneno yote toka mwanzo ndo akamzamisha. Hapo nilimheshimu sana yule baba. Hata sisi tungerudia.

Maana maneno yana uzito jamani. Mwaka 2020 Vatikani walisema aliyebatizwa kwa kutamkiwa "sisi tunakubatiza" badala ya "mimi nakubatiza" hajabatizwa, arudie. Na ubishi wa kurudia ni wa zamani mno, mwaka 256 Stefano askofu wa Roma na Sipriani wa Karthago walivutana kuhusu watu waliobatizwa na waliojitenga na kanisa, Karthago wanasema warudiwe, Roma wanasema hapana. Hili la jina la Yesu tu lilishika moto Marekani kuanzia 1913, na 1916 likawagawa Assemblies of God, kanisa la Kipentekoste. Mimi nasimama na Mathayo 28:19, ni agizo la Yesu mwenyewe, na Didake, mafundisho ya Wakristo wa mwanzo kabisa, inasema hivyohivyo na inaruhusu kumimina maji kichwani mara tatu kama maji mengi hakuna.

Lakini kilichoniuma si maneno ya mchungaji. Mtoto katoka majini anatetemeka, namfunga kanga, ananiambia, "mama mdogo, sasa nimeokoka." Hiyo "sasa" sijalala nayo. Bibi yetu alikufa na maji yale yale ya kichwani, anaomba mpaka pumzi ya mwisho, yeye tumweke wapi? Kipaimara tulifundishwa ubatizo ni Mungu anatenda, sisi tunapokea tu. Marko 16:16 inasema aaminiye na kubatizwa ataokoka, ila ikifika kwenye kuhukumiwa inamtaja asiyeamini peke yake, na yule mwizi msalabani juzi Ijumaa Kuu tumemsoma, nani alimbatiza, na bado aliahidiwa peponi siku ileile.

Mwanangu najua utasoma hapa. Sijakasirika na sitakubishia mezani. Kesho Jumatatu ya Pasaka njoo Tabata, pilau ipo, mama yako atakuwepo, na ile kanga yangu uliyoondoka nayo uje nayo.