Heri ya mwaka mpya, na hongera kwa watu wa tarehe moja

Haya jamaa, heri ya mwaka mpya nyote wa Mombasa, wa Kisauni, wa Likoni, wa Changamwe, na nyinyi mlio Doha na Dubai mnaotuma voisnoti usiku wa manane. Meli za Kilindini zishapiga honi saa sita, fataki zishalipuka, wale waliokesha Mama Ngina washarudi na harufu ya mishkaki nguoni, sasa ni Njaanuari na fizi za shule, Mungu atujaalie.

Salamu zangu safari hii naanza na watu wa tarehe moja Januari, maana nyinyi mnaonewa sana, keki hakuna, kila mtu amechoka na pesa zishaisha, ukipewa zawadi ni hiyohiyo ya mwaka mpya na ya bathdei. Halafu kuna wazee wetu, hawa hata hawakuzaliwa leo ila kitambulisho ndicho kinachosema 01/01. Mzee kaulizwa umezaliwa lini, akasema ule mwaka wa mvua kubwa, karani akakisia mwaka, siku na mwezi akajazia 01/01, haya anayefuata! Sijui nyumba huku Pwani isiyokuwa na mzee kama huyo.

Lakini hebu tazameni mko na nani. Shaaban Robert, 1 Januari 1909, Vibambani kule Tanga, si mbali na sisi, ukishavuka mpaka pale Lungalunga ushakaribia. Sote twamjua wa darasani, ila watu husahau kwamba miaka na miaka alikuwa karani wa forodha, mtu wa mizigo na stakabadhi, na ndiye aliyekaa kitako akaandika maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, wakati ambao wengi wangeuliza mwimbaji naye aandikiwe kitabu cha nini. Kwa hilo peke yake mimi namkatia keki.

Mwengine ni Ousmane Sembène wa Senegali, 1 Januari 1923, mtoto wa mvuvi wa Ziguinchor. Huyu naye wa bandarini kabisa, alikuwa kuli Marseille huko Ufaransa, akaumia mgongo kwa kazi hiyo, na kitabu chake cha kwanza cha 1956 ni habari ya kuli mweusi wa palepale. Baadaye akaona watu wa kwao wengi hawawezi kusoma hicho Kifaransa chake, akenda Moscow kusomea filamu. Itafuteni Mandabi ya 1968, ya Kiwolof: mzee katumiwa moni-oda na mpwawe aliye Paris, akifika posta aambiwa lete kitambulisho, akienda kutafuta kitambulisho aambiwa lete cheti cha kuzaliwa, mzee wa watu azungushwa ofisi hii na ile na pesa ziko palepale hazitoki. Wallahi utadhani ni ofisi za huku kwetu. Na aliyeitengeneza ni mtu wa 01/01!

Siku hiyohiyo, mwaka huohuo, Detroit huko Marekani akazaliwa Milt Jackson, fundi wa vaibrafoni kwenye jazi, ile kama marimba ya chuma. Vijana wa matatu zenye miziki mikubwa, wenu ni Grandmaster Flash, DJ wa hip-hop, 1958, mzaliwa wa Barbados. Wako pia waandishi, E. M. Forster Mwingereza wa 1879 na J. D. Salinger Mmarekani wa 1919, hawa wote wawili walifika mahali wakaacha kabisa kutoa riwaya na huku bado wazima, Forster tangu 1924 na akaishi mpaka 1970. Labda ndio ule uchovu wa kuzaliwa baada ya mkesha, mimi sisemi kitu.

Basi wa tarehe moja wote, wa kweli na wa karani, leo baada ya magharibi kwetu kuna viazi karai na ukwaju, na kaimati za mamangu. Wa Likoni tokeni mapema feri isiwaweke. Vitambulisho mje navyo, mlangoni twakagua 01/01, nyinyi wengine ingieni na soda.