Barua kwa mwanangu anayekwenda kupokea wageni wanaokuja kutazama ndege, Ghuba ya Mnazi

Mwanangu Somoe,

Nimefurahi kusikia umejiandikisha kujitolea Msimbati, huko Mtwara. Majina ya ndege utayajua taratibu. Kwanza yajue maji, maana mgeni akifika wakati mbaya hata bingwa hamsaidii.

Maji yakipwa, vitwitwi, wale ndege wadogo wa pwani, wanatawanyika mbali kwenye tope na mgeni anaambulia vidoa tu. Yakianza kujaa yanawasogeza kidogo kidogo, mpaka wanajazana kwenye fungu la mchanga lililobaki kavu. Basi wageni wawe wametulia mahali pao muda wa saa mbili kabla maji hayajajaa kabisa. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, kwetu hujaa alfajiri na tena alasiri, kwenye saa kumi hivi. Kwa hiyo saa nane mchana kila mtu awe amekaa. Kesho yake sogeza mbele kama dakika 50. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hayapandi sana, ndege hawalazimiki kusogea. Anayepiga simu kuuliza siku nzuri, mpe bamvua. Na msimu ni Septemba hadi Aprili.

Wengi watamuulizia mla kaa, yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mweusi mnene. Huyu hutaga kwenye pwani za Uarabuni na Pembe ya Afrika, ndani ya shimo analolichimba mchangani, yai moja jeupe. Ukimwona wa kijivujivu anamfuata mkubwa huku akilialia, ni mtoto anaomba chakula, ingawa ameshasafiri bahari nzima. Hapo nyamaza, waache watazame. Waongozaji wengi wanaharibu kwa maneno mengi.

Msisogelee kundi lililopumzika chini ya meta 100. Ndege wakiacha kula, wakanyoosha shingo wote kwa pamoja, mmeshazidi: rudini nyuma, msingoje waruke. Kila wakiruka wanachoma mafuta wanayoyahitaji kurudi kaskazini. Wapiga picha ndio wasumbufu. Watakuomba "hatua mbili tu". Kataa kwa adabu, lakini kataa.

Darubini ya 8x42 inatosha: inakuza mara 8, kioo cha mbele milimita 42. Ya 12 inacheza mkononi. Mgeni akisema haoni vizuri, mwambie afumbe jicho la kulia, azungushe gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione sawasawa. Kisha afumbe la kushoto na azungushe pete iliyo kwenye kioo cha kulia. Mwenye miwani ashushe vikombe vya macho, la sivyo ataona duara dogo lenye giza pembeni. Jua liwe mgongoni mwenu.

Viatu viwe vya kufunga. Ndala zinabaki kwenye tope. Msikanyage vile vijiti vinavyochomoza chini ya mchu, ni mizizi ya kuvutia hewa. Kina mama wanaookota kombe na kutafuta pweza wako kazini: wasalimie kwanza, na asipigwe picha mtu ambaye hajaridhia.

Kiingilio cha hifadhi ya bahari kinalipwa kwa kontroli namba, na mgeni apewe risiti. Wewe usishike hata shilingi ya kiingilio, hata mgeni akiwa na haraka, hata akikwambia utamlipia baadaye.

Ukiona ndege mwenye pete mguuni, alama anayovishwa na watafiti, andika papo hapo: mguu wa kulia au wa kushoto (wa ndege, si wa upande wako), juu au chini ya kiungo, rangi kwa mpangilio kuanzia juu, herufi kama zipo, tarehe na mahali. Kijani na buluu hufanana jua likiwa kali. Kama rangi hukuiona vizuri andika "sina hakika". Rekodi ya kubahatisha inampotosha aliyemvisha pete.

Mama anakusalimu.

Baba yako