Risala ya Klabu ya Shule Rafiki kwa Mgeni Rasmi: Mwanza, Kisumu na Tampere Mezani Pamoja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Shikamooni, na habari za asubuhi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha leo tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe kwa kuacha shughuli zako ukaja kutusikiliza. Tunajua kwamba umerudi nyumbani. Darasa lile la mwisho karibu na tangi la maji, ulimosoma kidato cha pili, ndimo klabu yetu inamokutana kila Jumatano ya pili na ya nne ya mwezi. Madawati ni mapya. Dirisha la upande wa ziwa bado halifungi, na pengine unalikumbuka hilo kuliko hesabu za kipindi cha mchana.

Katika darasa hilo tunaweka kompyuta mpakato moja juu ya meza, tunaning'iniza shuka jeupe ubaoni, tunawasha projekta, na saa tisa alasiri tunakutana na wanafunzi wa shule mbili: moja iko Kisumu, Kenya, na nyingine Tampere, Finland. Tunazungumza kuhusu maji. Hatukuchagua wenzetu hao kwa kupiga kura. Tampere ni mji rafiki wa Mwanza tangu mwaka 1988, kama ilivyo Würzburg ya Ujerumani tangu 1966, na watu wa Kisumu tunakunywa nao ziwa moja. Mwaka huohuo wa 1988 shule za jimbo la New York na za Moscow ziliunganishwa kwa kompyuta, wakati Marekani na Urusi ya Kisovieti bado zikitazamana kwa jicho baya, na mradi ule ndio uliozaa mtandao wa shule wa iEARN. Kwa hiyo jambo hili lina umri mkubwa kuliko sisi tunaolifanya. Kilicho kipya hapa kwetu ni nani anashika usukani.

Tuseme ukweli, Mheshimiwa. Mkutano wetu wa kwanza ulikuwa wa aibu. Tulivaa sare zilizopigwa pasi, tukaimba wimbo wa kukaribisha, tukapunga mikono, kisha tukakaa kimya kama picha ya ukutani. Dakika arobaini zilizobaki walizungumza walimu. Mwalimu wa huku alimuuliza mwalimu wa kule shule ina wanafunzi wangapi, na mwalimu wa kule akauliza kama huku kuna joto. Baadaye wenzetu wa Kisumu walituambia kwamba hata wao walikuwa wanahesabu feni za dari.

Baada ya hapo wanafunzi wa shule zote tatu tuliandikiana, na kila upande ukamwomba mwalimu wake ahamie nyuma. Si jambo dogo kumwambia mwalimu akae nyuma. Mwalimu wetu mlezi alitutazama, akacheka, akachukua kiti chake na rundo la madaftari ya kusahihisha, akaenda kukaa chini ya lile dirisha lisilofungwa. Tangu siku ile kalamu nyekundu iko mkononi, macho kwenye madaftari, na masikio kwetu. Mwenyekiti ni mwanafunzi, katibu ni mwanafunzi, mtunza saa ni mwanafunzi, na anayehangaika na nyaya ni mwanafunzi. Kila shule inaongoza mkutano kwa zamu, na anayeongoza ndiye anayeleta swali.

Mkutano wa pili ulianza kwa ukimya ambao hatutausahau. Tulikuwa tumeandika maswali makubwa kuhusu mabadiliko ya tabianchi na Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu, na yalikuwa makubwa mno hata hakuna aliyethubutu kuyaanza. Hapo mwenzetu mmoja wa kidato cha kwanza, ambaye hakuwa na zamu ya kusema, akauliza: "Kwenu mnakula samaki gani?"

Basi maneno yakafunguka. Msichana wa Tampere alitoka nje ya picha, akarudi na simu yenye picha ya samaki wadogo wa kukaanga, wamepakwa unga wa rai, nafaka inayofanana na ngano, wanaliwa wazimawazima pamoja na vichwa vyao. Wanaitwa muikku. Darasa zima likapiga kelele: "Dagaa!" Wa Kisumu nao wakapaza sauti: "Omena!" Kuanzia siku ile muikku ni dagaa wa Finland, na hakuna mwanafunzi wa klabu hii anayemwita kwa jina jingine.

Kisha mvulana mmoja wa Tampere akasema kwamba dukani kwao ameona minofu ya sangara imeandikwa kuwa inatoka Ziwa Viktoria. Akauliza kama sisi tunaila. Mheshimiwa, hapo ndipo tulipolazimika kueleza mapanki. Tulimweleza kwamba minofu inapanda ndege, na kinachobaki viwandani, kichwa na mifupa yenye nyama kidogo, ndicho kinachouzwa sokoni na kukaangwa mitaani, na kwamba kipo kizuri tu kikikaangwa na mtu anayejua. Tukamweleza pia kwamba sangara si mwenyeji wa ziwa hili: aliletwa miaka ya 1950 na 1960, akawala furu, samaki wadogo wenyeji wa ziwa, wa aina nyingi hadi wengine hawaonekani tena, na wakati huohuo akajenga nyumba za mabati Mwanza nzima. Mama wa mwenzetu mmoja, aliyekaa hapa mbele leo, amemsomesha mwanawe kwa mapanki. Hatukusema hayo ili tuonewe huruma. Tulisema kwa sababu tuliulizwa na mtu wa rika letu aliyekuwa na minofu ileile kwenye sahani, na alitaka kujua.

Kutoka kwa samaki tukaingia majini kwenyewe. Wenzetu wa Tampere wanaishi kati ya maziwa mawili, Näsijärvi na Pyhäjärvi, katika nchi yenye maziwa yapata 188,000. Maji yao huteremka kwa mto Kokemäenjoki hadi Bahari ya Baltiki, ambako mbolea na maji taka vya miaka mingi vimelisha mwani mpaka baadhi ya sehemu za chini hazina hewa ya kutosha kwa samaki. Mto wetu Mirongo unakatiza katikati ya jiji, unaingia Ziwa Viktoria, na maji ya ziwa hutoka kwa Mto Nile hadi Misri. Tulichora njia zote mbili kwenye karatasi moja. Mwenzetu wa Kisumu akasema kwamba Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa, na Tanzania karibu nusu, lakini magugu maji yakisukumwa na upepo kuingia Ghuba ya Winam, upande wa Kisumu, hayaulizi nani ana asilimia ngapi. Hatukuwa na jibu. Mtunza saa alisema muda umekwisha, na kwa mara ya kwanza tulimshukuru.

Kwa kuwa maneno matupu hayavunji mfupa, tuliamua kupima. Mwaka 1865 padri wa Kiitalia aitwaye Angelo Secchi alitumia kisahani kupima uangavu wa maji: unakishusha kwa kamba mpaka kipotee machoni, halafu unasoma urefu wa kamba. Sisi tulichukua mfuniko wa ndoo ya rangi, tukaugawa robo nne kwa rangi nyeusi na nyeupe, tukatoboa katikati, tukafunga jiwe chini na kamba yenye fundo kila nusu mita. Kisumu walitengeneza chao, Tampere chao. Karibu na mdomo wa Mirongo kisahani chetu kilipotea kabla ya fundo la kwanza kugusa maji. Tulidhani tumekosea tukarudia, kikapotea palepale. Wavuvi waliokuwa wanatengeneza nyavu walituuliza tunavua nini kwa mfuniko. Kisumu walilazimika kuyasukuma magugu kwa kasia kwanza wapate pa kushushia. Wenzetu wa Tampere walishusha fundo baada ya fundo, na kwenye video yao mtu anasikika akihesabu kwa Kiswahili tulichomfundisha: moja, mbili, tatu, nne. Alipofika sita akasahau linalofuata.

Tuliwauliza kama maji yao yalikuwa hivyo siku zote. Wakaenda kuwauliza bibi na babu zao. Jibu lilirudi mkutano uliofuata: hapana, viwanda na mji mzima walikuwa wakimwaga majitaka ziwani, na bibi mmoja alikatazwa kuogelea utotoni. Jibu hilo lilitukaa kuliko hotuba yoyote tuliyowahi kusikia, wala si la kitabuni. Walituambia pia kwamba nchi za ukingo wa Baltiki zilitia saini mkataba wa kulinda bahari hiyo mjini Helsinki mwaka 1974, wakati baadhi yao zilikuwa kambi ya Magharibi, baadhi kambi ya Mashariki, na nyingine hazikuwa na kambi. Sisi tukawaambia kwamba ziwa letu nalo lina Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria, makao yake Kisumu. Wa Kisumu wakakiri kwamba wanaishi katika mji uleule na walikuwa hawajui.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, usidhani mambo yote yalinyooka. Katibu wetu aliwahi kuwaandikia Tampere kwamba mkutano ni saa 9. Wa Kisumu walielewa bila maelezo, maana saa ya Kiswahili ni yao pia. Wa Tampere wakaingia mtandaoni saa tatu yetu ya asubuhi, sisi tukiwa kwenye Hisabati, wakangoja, wakaondoka. Tuliomba radhi. Mwishoni mwa Oktoba ikawa zamu yetu kungoja, saa nzima, kwa sababu Jumapili ya mwisho ya mwezi huo Finland hurudisha saa nyuma. Majira yao ya joto saa zetu ni moja, majira ya baridi wao wako nyuma. Sasa mtunza saa amebandika karatasi ukutani. Mwishoni mwa Novemba, tulipokuwa tunaagana, nyuma yao dirishani giza lilikuwa linaingia, na huku jua lilikuwa bado linachoma bati. Hakuna kitabu cha Jiografia kilichotuonyesha hivyo mzunguko wa dunia.

Lipo jambo moja gumu kidogo kulisema mbele ya watu, lakini klabu imetaka lisemwe. Siku moja wenzetu wa Tampere walitutangazia kwa furaha kwamba wameoka mikate ya sukari na kuiuza, ili watununulie madaftari na kalamu. Darasa likanyamaza. Mwenyekiti wetu aliwashukuru kwa heshima zote, kisha akauliza: "Na sisi tuwakusanyie nini?" Walicheka, halafu wakaona kwamba hatutanii. Tuliahirisha mkutano. Majadiliano yakachukua wiki mbili za barua, na makubaliano yakawa kwamba fedha ile inunue vipimo vya maji kwa shule zote tatu, na wao wakiwemo, na sisi na Kisumu tuwafundishe Kiswahili dakika kumi kila mkutano unapoanza. Leo wanamwamkia mwalimu wao shikamoo. Ilibidi tumfundishe na yeye kuitikia marahaba, maana alikuwa akijibu shikamoo na yeye. Kiingereza kwetu sote ni koti la kuazima, linatubana sehemu tofauti, na siku Kiswahili kilipoingia mezani tulikaa vizuri zaidi.

Sasa maombi, Mheshimiwa, nayo ni machache. Simu haziruhusiwi shuleni kwa wanafunzi, na hatuombi ziruhusiwe. Lakini intaneti ya mikutano hii inatoka kwenye simu ya mwalimu mlezi, kwa bando analolinunua mwenyewe. Mama nyumbani kwake akipiga kuulizia mboga, Finland inapotea. Tunaomba shule iunganishwe na intaneti yake, hata kama ni ya chumba kimoja. Umeme nao ukikatika projekta inazimika, na tumewahi kumaliza mkutano watu ishirini na wanne tumeinamia kioo cha kompyuta moja. Betri ya akiba ingetutosha. Kwa wazazi waliopo, hasa wenye mabinti, tunaomba mtuvumilie Jumatano mbili za mwezi. Mkutano unakwisha saa kumi na nusu, na tumepanga kuondoka kwa makundi hadi kituo cha daladala.

Ombi la mwisho linahusu Mirongo. Tuna jedwali la vipimo vyetu, la Kisumu na la Tampere, limeandikwa kwa mkono na kupigwa chapa, na tungependa kulifikisha kwenye vikao vya mtaa na kata ambako mto huu unapita. Sisi tukibisha hodi wenyewe tutaambiwa turudi darasani. Wewe ukibisha, mlango utafunguliwa. Tunaomba utusindikize mara moja tu, tutakayosema tutayasema wenyewe.

Jumatano ijayo ni zamu ya Mwanza kuongoza. Swali tumeshalichagua, ila hatulitangazi hapa kwa sababu wa Kisumu wana ndugu kwenye hadhira hii. Kiti chako kitakuwa nyuma, karibu na mwalimu mlezi, chini ya dirisha unalolijua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Klabu ya Shule Rafiki, Mwanza